Shaka Ikiingia, Bomba Lifungwe

Tarehe 25 Julai 2010, dakika mbili kabla ya saa kumi na mbili jioni, bomba la mafuta ghafi lenye kipenyo cha inchi 30 lilipasuka karibu na mji wa Marshall, jimbo la Michigan, Marekani. Bomba hilo lilikuwa la kampuni ya Enbridge, na waliokuwa wakiliendesha walikaa mbele ya skrini huko Edmonton, Kanada. Ving'ora vililia mara moja. Jioni hiyo bomba lilikuwa lizimwe kwa ratiba, kwa hiyo waendeshaji waliona kushuka kwa presha ni jambo la kawaida. Baadaye walijieleza kwamba nguzo ya mafuta imekatika ndani ya bomba na kuacha pengo la mvuke, na dawa ya pengo ni kulijaza. Alfajiri waliwasha pampu wakasukuma mafuta, wakazima. Asubuhi wakawasha tena. Ving'ora vikaendelea kulia, zamu zikapokezana, kila zamu ikirithi maelezo ya ile iliyotangulia. Saa 17 baada ya bomba kupasuka, mfanyakazi wa kampuni nyingine kabisa, ya gesi, alipiga simu kusema kwamba mafuta yako ardhini na yanaingia kijitoni. Zaidi ya lita milioni 3 zilikuwa zimemwagika kuelekea Mto Kalamazoo, na zaidi ya asilimia 80 ya hizo zilitoka katika zile mara mbili pampu zilipowashwa upya.

Ukisoma uchunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, juu ya ajali hiyo, kinachoshtua ni kwamba vifaa vilifanya kazi. Presha ilipimwa, hesabu ya mafuta yanayoingia na yanayotoka ilipigwa, tofauti ilionekana, kengele ililia. Hata wakazi walikuwa wamepiga simu za dharura usiku ule wakilalamikia harufu, na wazima moto wakazunguka na vipimo vyao wakidhani ni gesi. Kwa hiyo hatuwezi kusema waendeshaji wa Edmonton hawakujua, wala hatuwezi kusema walijua. Walikuwa na shaka. Na mwenye shaka, akiwa ameshika swichi ambayo upande mmoja wake ni faida ya kampuni na upande wa pili ni maji ya jirani, anapaswa kuitatua shaka yake kwa hasara ya nani? Naliona hili kuwa ndilo swali lenyewe katika mjadala wote wa usalama wa mabomba, na ni swali la dhamiri kabla halijawa la uhandisi. Jibu langu ni kwamba shaka ibebwe na mwenye bomba, siku zote, na sheria isiyosema hivyo waziwazi imewaachia mzigo huo watu wasioulizwa.

Tuanze na namna teknolojia hii inavyofanya kazi, kwa maana wengi huidhania kuwa jicho linaloona tundu. Mfumo wa kugundua uvujaji kwa kawaida hulinganisha kiasi kilichoingia mwanzo wa bomba na kilichotoka mwisho, ukizingatia joto na presha iliyo katikati. Pampu ikiwashwa au kuzimwa, wimbi la presha hupita bombani na kuivuruga hesabu kwa muda. Uvujaji mdogo hujificha chini ya kiwango ambacho vipimo vinaweza kukitofautisha na makosa yao wenyewe. Ukikaza mfumo ili unase kila tone, utalia usiku kucha bila sababu. Ukiulegeza ili usisumbue, utanyamaza mafuta yakimwagika. Utafiti ulioagizwa na mdhibiti wa mabomba wa Marekani mwaka 2012 ulikuta kwamba mara nyingi wa kwanza kugundua uvujaji ni wafanyakazi walio nje au raia wa kawaida, kabla ya kompyuta. Wengine hulichukua jambo hili kuwa hoja dhidi ya teknolojia. Mimi nalichukua kuwa maelezo ya kazi yake. Mashine hizi hazikutengenezwa zilete yakini. Zimetengenezwa zilete shaka mapema, wakati shaka ingali na faida. Kwa hiyo mdhibiti anayeamuru vifaa hivyo viwekwe, bila kuamuru shaka inayotokana navyo itendewe vipi, ametunga nusu ya sheria.

Dini zimeishughulikia shaka ya namna hii kwa karne nyingi, na inafaa tuzisikilize, maana hazikuifanya kuwa hesabu ya uwezekano peke yake. Katika fiqhi ya Kiislamu, mwindaji aliyempiga mnyama mshale kisha akamkuta ameangukia majini na kufa hamli, kwa sababu hajui kilichomuua ni mshale au ni maji. Wanateolojia wa Kikatoliki nao walikuwa na mwindaji wao katika vitabu vya maadili. Anaona kichaka kinatikisika, hajui aliyemo ni mnyama au mtu. Wanateolojia hao walibishana vikali juu ya mambo ya shaka, na wapo waliomruhusu muumini kufuata rai yenye sababu nzuri hata kama rai ya upande wa pili ina sababu nzuri zaidi. Lakini walipofika kichakani hata hao wapole walisimama: uhai wa mwingine ukiwa hatarini, haitoshi kwamba huenda ni mnyama. Haidhuru mara ngapi kichaka hicho kimetikiswa na swala. Mwindaji hapewi ruhusa ya kupiga kwa sababu siku zilizopita alikuwa sahihi.

Msomi wa fiqhi anaweza kunipinga hapa kwa kanuni nyingine iliyo imara zaidi, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Aliyetawadha kisha akashuku kama udhu umemtoka, yungali na udhu. Vivyo hivyo bomba lililokuwa zima jana lihesabiwe zima leo mpaka ithibitike vinginevyo, na anayelifunga kwa sababu ya kengele tu ametawaliwa na wasiwasi. Pingamizi hili lina uzito, na nadhani ndilo, kwa lugha nyingine, waendeshaji wa Edmonton walilokuwa wakilitumia usiku ule bila kulitaja. Lakini tuangalie yakini ya asili iko upande gani. Anayetawadha hamdhuru mtu yeyote kwa kubaki na udhu wake. Kanuni ile inamlinda asijitese. Mwenye bomba amepewa ruhusa yenye sharti ya kupitisha kitu kinachoweza kuunguza na kutia sumu kando ya nyumba za watu. Jambo la yakini hapa, lililokuwapo kabla ya bomba, ni haki ya jirani ya kutodhuriwa. Bomba ndilo lililoingia juu ya yakini hiyo, kwa kibali, na sharti la kibali likitiliwa shaka, kinachobaki ni haki ya asili. Ndiyo maana wanazuoni wale wale waliotufundisha kuhusu udhu walifundisha pia kwamba kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kutafuta manufaa. Kanuni hizi mbili hazigombani ukishajua kila moja inamlinda nani.

Enbridge yenyewe ilikuwa na kanuni nzuri kwenye karatasi. Baada ya kumwagika kwa mafuta mengi huko Grand Rapids, Minnesota, mwaka 1991, ilijiwekea sharti kwamba hali isiyoelezeka ikidumu zaidi ya dakika 10, bomba lizimwe. Dakika 10 tu. Huo ulikuwa uamuzi sahihi wa kimaadili: haukumtaka mwendeshaji athibitishe kwamba mafuta yanavuja, ulimtaka athibitishe kwamba hayavuji. Usiku wa Marshall sharti hilo lilivunjwa, na lilivunjwa na watu waliolifahamu, wakiwa pamoja na wachambuzi wao, kila mmoja akingoja mwenzake awe na uhakika. Hapo ndipo ninapoachana na wale wanaoamini kwamba kampuni zikijiwekea nidhamu zenyewe yatosha. Kanuni ya shaka ni ngumu kuishika hasa kwa anayepata hasara akiishika. Mwendeshaji anayefunga bomba bure ataulizwa kesho yake kwa nini ameharibu ratiba. Asiyefunga, na bahati ikamwendea vizuri, hataulizwa kitu. Mizani ya namna hiyo haisahihishwi kwa semina. Inasahihishwa kwa sheria inayompa aliye kwenye kiti haki ya kufunga bila kuomba ruhusa, inayomkinga asiadhibiwe kwa kufunga, na inayomwadhibu mwajiri wake kwa kuchelewa.

Sasa tuitazame sheria iliyotungwa baada ya ajali ya Marshall. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya usalama wa mabomba iliyosainiwa Januari 2012, na miaka kumi baadaye, Aprili 2022, mdhibiti alitoa kanuni zake: mabomba mapya ya kuanzia inchi 6, na yale yanayobadilishwa, yawe na vali zinazoweza kufungwa kwa haraka, zikiwa za kujiendesha au za kuendeshwa kwa mbali, au teknolojia nyingine yenye uwezo kama huo, na kipande kilichopasuka kitengwe ndani ya dakika 30. Ni hatua kubwa na walioipigania wanastahili shukrani. Hata hivyo dakika hizo 30 zinaanza kuhesabiwa pale mwendeshaji anapotambua kwamba bomba limepasuka, na kutambua huko kumeachwa kufanyike mapema iwezekanavyo. Mtu aone mwenyewe maana yake. Kule Marshall vali zilikuwapo. Saa 17 zote zilipotea katika kutambua. Sheria imeikaza mikono na kuiachia akili iende kwa mwendo wake, ilhali ajali ilikuwa ya akili. Saa ingepaswa kuanza kwenye onyo la kwanza, liwe la kipimo au la simu ya mkazi, kwa sababu onyo ndipo shaka inapozaliwa, na wajibu huzaliwa pamoja nayo.

Lipo na neno lile, mapya. Mabomba yaliyokwisha kulala ardhini hayaguswi hadi siku yatakapobadilishwa. Wiki sita baada ya Marshall, tarehe 9 Septemba 2010, bomba la gesi la kampuni ya PG&E lililotandikwa mwaka 1956 lililipuka chini ya mtaa wa makazi huko San Bruno, California. Watu 8 walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Chanzo kilikuwa vipande vya bomba vyenye mshono mbovu wa kulehemu, ambavyo kumbukumbu za kampuni zilivionyesha kuwa bomba lisilo na mshono kabisa. Gesi iliendelea kuulisha moto kwa dakika 95. Hapakuwa na vali ya kujifunga wala ya kufungwa kwa mbali mahali ilipohitajika. Mafundi waliondoka kwa hiari yao, wakapita karakana kuchukua vifaa, wakaenda kuzungusha vali kwa mkono huku mtaa ukiungua. Na wala si kwamba tatizo lilikuwa geni. Kule Edison, New Jersey, mwaka 1994, kuikata gesi kulichukua karibu saa mbili na nusu, na NTSB ilikuwa ikilizungumzia suala la kuchelewa kufunga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliokaa juu ya bomba la 1956 walikuwa wakilipwa kwa ahadi.

Anayetetea kuyaacha mabomba ya zamani anaweza hata kukimbilia Torati. Katika Kumbukumbu la Torati kuna amri kwamba ajengaye nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Nyumba mpya, atasema. Za zamani zimeachwa. Lakini marabi waliopokea sheria hiyo na kuiishi hawakuielewa hivyo. Waliieneza kwa aliyenunua nyumba na aliyeirithi, na Rabi Nathani katika Talmudi akatoa humo katazo la kufuga mbwa mkali au kuweka ngazi mbovu nyumbani. Walichokiona ni kwamba damu haiulizi tarehe ya msingi. Hatari ndiyo inayodai ukingo. Na bomba kuukuu, ambalo kutu yake haijulikani na kumbukumbu zake zimepotea, lina shaka nyingi kuliko jipya, kwa hiyo kwa kanuni ninayoitetea ndilo lenye dai kubwa zaidi. Kulitoza bomba jipya na kulisamehe la zamani ni kumpa haki ya kuonywa yule tu ambaye jirani yake amewekeza hivi karibuni.

Kuhusu gharama, wahandisi wana hoja ambayo haifai kupuuzwa: katika mlipuko wa gesi, wengi wanaokufa hufa katika dakika za mwanzo kabisa, na hakuna vali inayofunga upesi kiasi hicho. Ni kweli. Lakini NTSB iliona kwamba dakika 95 za San Bruno ziliongeza uharibifu na kuwaweka wakazi na waokoaji katika hatari zaidi. Ni moto usiozimika unaokwenda nyumba hadi nyumba. Wengine wanasema vali ikifungwa bila sababu, hospitali na majumba hukosa gesi katikati ya baridi, na katika bomba la mafuta kufunga ghafla kunaweza kuipandisha presha hadi kupasua mahali pengine. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu kufunga kunahitaji utaratibu uliopangwa kabla, kwa mwendo unaofaa, na akiba kwa wanaotegemea bomba. Hasara ya kufunga bure inaweza kupangiwa bima, kugawanywa, kulipwa. Aliyeungua hagawanywi. Wachumi wa serikali ya Marekani huipa thamani kila roho inayookolewa, zaidi ya dola milioni 12 kwa makadirio ya miaka ya karibuni, kisha huilinganisha na bei ya vali. Siipingi hesabu kwa kuwa ni hesabu. Bajeti zina mwisho. Kasoro yake ni kwamba hujumlisha watu wote pamoja, anayeuza gesi na anayelala juu yake, kana kwamba faida na hatari zinaingia mfuko mmoja. Kampuni ya PG&E ilikwisha kuweka zaidi ya vali 200 za namna hiyo katika mfumo wake wa zamani baada ya San Bruno. Kilichokuwa hakiwezekani kwa nusu karne kiliwezekana ndani ya miaka michache, mara hasara ilipohamia kwa mwenye bomba.

Sisi wa Afrika Mashariki tumekwisha kulipa ada ya somo hili. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli kutoka bomba la Kampuni ya Mabomba ya Kenya iliingia kwenye mtaro unaopita mtaa wa Sinai, Nairobi. Watu walitoka na ndoo na madumu kuchota, moto ukashika, na zaidi ya watu 100 wakafa. Kampuni ilieleza kwamba mafundi walikuwa wamekwisha kulifunga bomba, ila kiasi fulani kilikuwa kimeshapita. Wapo waliosema, na wangali wanasema, kwamba watu wale hawakuwa na ruhusa ya kukaa kwenye mkuza wa bomba. Haki ya kuonywa haitokani na hatimiliki ya ardhi. Wajibu wa mwenye bomba haukuishia kwenye vali, uliyafuata mafuta yake hadi mtaroni, na onyo lilipaswa kuwafikia watu kabla petroli haijawafikia. Mwaka 2015 mafuta ya bomba la Mombasa hadi Nairobi yaliuchafua Mto Thange huko Makueni, maji ambayo wakulima waliyategemea.

Na sasa linajengwa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, likipita mikoa minane ya Tanzania. Litakuwa na waya wa mkongo wa mawasiliano kando yake utakaosaidia kugundua uvujaji, na hilo ni jema. Lakini mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi na huganda yakipoa. Yanasafirishwa yakiwa na joto la nyuzi 50 hivi, na bomba limewekewa mfumo wa kuyapasha moto. Bomba la namna hiyo halipendi kusimama. Atakayekaa chumba cha udhibiti usiku kengele ikilia atajua kwamba kulifunga kuna matatizo yake, na shinikizo la kujieleza kwamba ni pampu, ni joto, ni pengo la mvuke, litakuwa kubwa kuliko lile la Edmonton. Hatuwezi kumwachia mtu huyo, kijana wetu, atatue peke yake saa tisa usiku swali ambalo wanazuoni walilikeshea. EWURA (mdhibiti wa nishati wa Tanzania), Mamlaka ya Petroli ya Uganda na mabunge ya Dodoma na Kampala waandike katika masharti ya leseni, kabla mafuta hayajaanza kutiririka, kwamba saa inaanza kuhesabiwa kwenye onyo la kwanza. Kwamba simu ya mkulima wa Kagera au Singida ni onyo kamili kama lile la mkongo. Kwamba anayefunga kwa shaka hafukuzwi kazi. Na kwamba bomba halifunguliwi tena mpaka mtu amefika mahali penyewe akaona kwa macho. Wananchi waliopisha mradi na wanaobaki jirani na mkuza wayadai maandishi hayo wayasome kwa Kiswahili, wakiwa na namba ya kupiga.